Mthamini wa Kodi Si Mangi

Mtu akitoka mjini Moshi na kupanda kuelekea Kibosho, Uru, Kilema au Marangu, hupita katikati ya migomba na mibuni, wala nyumba hazimwishi machoni. Ziko za udongo, zilizoezekwa mabati yaliyokwisha kushika kutu. Ziko za matofali, zenye vyumba vitatu au vinne na baraza mbele. Na ziko nyingine zenye ukuta na lango la chuma, ambazo wenyewe huzifungua majuma mawili tu kwa mwaka, wakati wa Krismasi, kisha humwachia mlinzi ufunguo na kurejea Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Zote zimo katika kijiji kimoja, zinahudumiwa na barabara moja, na watoto wa majirani hao husoma shule moja. Swali tunalotaka kuwauliza wasomaji wetu leo ni hili: nyumba hizi zilipe kodi kwa kipimo gani, na ni nani mwenye haki ya kutamka thamani yake?

Swali hili linawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wanavyodhani. Mshahara wa mwalimu hukatwa kodi kabla haujamfikia mkononi. Hana njia ya kuficha hata shilingi moja. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza kama mali iliyosimama juu ya ardhi, ambayo kila mtu anaiona, nayo inapimwa kwa haki ileile. Zaidi ya hayo, barua ya halmashauri inapofika kijijini, mwalimu ndiye anayefuatwa jioni na jirani aliyeishika mkononi, akiombwa aisome na kueleza maana yake. Mwalimu asiyejua asili ya kodi hii na namna inavyokadiriwa hataweza kumsaidia jirani huyo, na jirani atarudi nyumbani na uvumi badala ya maarifa.

Katikati ya jambo lote yuko mtu mmoja ambaye husemwa kidogo sana magazetini, naye ni mthamini wa halmashauri. Kazi yake ni kuingia katika boma la mtu, kupima kuta, kutazama paa, kuuliza nyumba ilijengwa lini, kisha kuandika tarakimu. Wananchi wengi wa vijijini humjua kama mtu anayetangulia buldoza: akionekana na kamba yake ya kupimia, hudhaniwa kuwa barabara inapanuliwa na kwamba fidia inakuja au haiji. Siku anapofika kwa ajili ya fidia, mwenye nyumba humwonyesha kila tofali na kila mgomba. Siku anapofika kwa ajili ya kodi, mwenye nyumba huyohuyo humwambia kwamba kibanda hiki hakina maana yoyote. Nyumba ni moja na mdomo ni mmoja, lakini thamani zimekuwa mbili. Tusiwalaumu wananchi upesi kwa hilo. Wamefundishwa na historia ndefu, na historia hiyo haina budi kukumbukwa.

Sheria ya kodi ya nyumba ya Wajerumani ilitolewa mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha aliweza kulazimishwa kulipa kwa jasho lake. Ilianza kutozwa katika miaka ileile ambayo Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani, mwaka 1900. Wananchi wa mlimani hawakuhitaji kuelezwa kodi hiyo ilikuwa na maana gani. Wamangi waliobaki, pamoja na wachili wao, waligeuzwa makarani wa kuhesabu nyumba na wakusanyaji wa fedha za mgeni. Waingereza walipofika, waliendeleza mtindo huohuo kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ya mwaka 1922. Kahawa, ambayo ilipandwa katika misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyowawezesha wakulima wa Kilimanjaro kulipa kodi hiyo bila kuhama makwao kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge. Ilikuwa kodi ya sawa kwa wote: nyumba ni nyumba, awe mwenyewe ana mibuni elfu moja au hana hata mmoja.

Kisha likaja tukio la Upare, ambalo kila mthamini wa nchi hii angepaswa kulisoma kabla ya kukabidhiwa kamba. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni pamoja na watawala wa jadi wa Upare waliamua kuongeza kodi iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Waliipa jina la kale la mbiru. Katika maandishi ilikuwa kodi ya haki, maana mwenye kingi angelipa kingi na mwenye kidogo angelipa kidogo. Lakini Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kwa miezi mingi wakiipinga. Hatimaye serikali ilisalimu amri, na kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imefutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari zake katika kijitabu kilichotolewa mwaka 1971, na kijitabu hicho kingali na mafunzo kwa watawala wa leo.

Jambo la kutia maanani ni kwamba Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa hata nyongeza, mradi iwe sawa kwa kila mtu. Walichokikataa ni kukadiriwa. Walikataa mtu wa mtawala aingie bomani, ahesabu mbuzi na kukadiria shamba, aandike anavyotaka, na kusiwe na mahali pa kumuuliza ameipata wapi tarakimu ile. Kodi iliyokusudiwa kuwa ya haki ilikufa kwa sababu ya mkadiriaji asiyeulizwa. Wananchi wakaikimbilia kodi ya sawa kwa wote, wala si kwa kuwa ilikuwa ya haki, bali kwa kuwa haikuwa na upendeleo. Tunaomba wasomaji washike fundisho hili, kwa sababu linaeleza sehemu kubwa ya yale yaliyotokea baadaye katika nchi yetu huru.

Baada ya Uhuru, Serikali ilifuta kodi ya kichwa mwaka 1969, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Pamoja nazo ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo wasomaji wenye umri mkubwa wanaikumbuka vizuri: mgambo njiani, watu kukimbilia migombani, na stakabadhi iliyokunjwa mfukoni kama hirizi. Nayo ilifutwa mwaka 2003. Kwa upande wa majengo, sheria ya mwaka 1983 iliziruhusu mamlaka za miji kuthamini nyumba na kutoza kodi kwa kadiri ya thamani. Sheria hiyo iliweka daftari la uthamini, ikampa mwenye nyumba haki ya kupinga kadirio, na ikaweka baraza la kusikiliza malalamiko. Kwa maneno mengine, ilijaribu kutibu ugonjwa uleule uliowapeleka Wapare Same.

Lakini kuthamini kila nyumba ni kazi ngumu na ya gharama, na madaftari mengi yalichakaa kabla hayajakamilika. Mwaka 2016 ukusanyaji katika miji kadhaa ulikabidhiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na baadaye kikawekwa kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida, bila kujali thamani. Mwaka 2021 kodi hiyo iliunganishwa na ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500.

Sisi hatuwaungi mkono wanaobeza utaratibu huo. Umefanya jambo ambalo tarishi na barua zake hawakuweza kulifanya kwa miaka mingi. Haumwachii ofisa nafasi ya kunong'onezana na mwenye nyumba nyuma ya lango. Hauhitaji mgambo. Mwenye nyumba hulipa kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Serikali iliyochagua njia hii ilichagua njia iliyo rahisi na iliyo wazi, na wananchi waliipokea kwa sababu ileile ya Wapare: mita haina ndugu wala rafiki.

Hata hivyo, yafaa kusema ukweli kwamba mita haina pia macho. Haioni kama nyumba ina vyumba viwili au kumi na viwili, maadamu ni ya sakafu moja. Mjane wa Uru anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili, mwenye taa tatu na redio, anakatwa sawasawa na tajiri aliyejenga jumba la sakafu moja lenye bustani na kisima chake. Mpangaji anayenunua umeme hujikuta akilipa kodi ya nyumba isiyo yake, na kurudishiwa fedha hizo kunategemea wema wa mwenye nyumba. Na tajiri mwenye hekima ya dunia hujifunza upesi kwamba ni nafuu kutandaza jumba kwa upana kuliko kulipandisha juu. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha yao kwa matofali, wakakaa gizani. Kodi inayopima kitu kimoja tu hufundisha watu kukificha kitu hicho.

Kwa halmashauri za vijijini jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa muda mrefu zilitegemea ushuru wa mazao, na hapa Kilimanjaro mazao yalimaanisha kahawa. Lakini bei ya kahawa iliyumba baada ya mapatano ya kimataifa kuvunjika mwaka 1989, mibuni ikazeeka, na wakulima wengi wakaipa migomba na mboga nafasi yake. Mwaka 2017 ushuru wenyewe ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na wakulima walifurahi kwa haki. Wakati huohuo, fedha za watoto wa mlimani walioko mijini na ng'ambo zilirudi nyumbani kwa sura ya saruji na mabati. Utajiri wa mlima umehama kutoka kwenye mibuni kwenda kwenye majengo. Halmashauri inayoendelea kuutafuta utajiri huo kwenye gunia la mkulima, huku ikilipita lango la chuma bila kulitazama, inamtoza mnyonge na kumsamehe mwenye uwezo. Hiyo si siasa ya nchi hii.

Kwa hiyo iko siku, karibu au mbali, ambapo tutalazimika kurudi kwenye uthamini, na safari hii si mijini peke yake bali hadi Himo, Marangu na vijiji vya juu. Tuitayarishe siku hiyo mapema, maana ugumu wake si mdogo.

Ugumu wa kwanza ni kihamba chenyewe. Wataalamu hufundishwa kwamba thamani ya nyumba ni bei ambayo ingeuzwa sokoni. Lakini kihamba hakiendi sokoni. Ndipo alipozikwa babu, ndipo atakapozikwa mjukuu, na ukoo mzima husimama mtu akithubutu kukiuza kwa mgeni. Mthamini atapata wapi bei ya kulinganisha? Sheria ya mwaka 1983 ilikwisha kuliona tatizo hili. Ilisema kwamba pasipojulikana bei ya soko, ihesabiwe gharama ya kujenga upya, kisha ipunguzwe kwa uchakavu. Lakini hata hapo pana mtego. Mchanga na saruji vikipandishwa hadi karibu na msitu hugharimu zaidi kuliko vikiteremshwa kando ya barabara kuu. Mthamini akihesabu kwa kalamu bila akili, ataiona nyumba ya maskini wa juu kuwa ghali kuliko nyumba iyo hiyo iliyojengwa Himo, ambako pana biashara na wapangaji. Ataandika hesabu iliyo sahihi na hukumu isiyo ya haki.

Ugumu wa pili unahusu ardhi na jasho. Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika katika "Mali ya Taifa" akipinga ardhi kufanywa mali ya mtu binafsi ya kuuzwa na kununuliwa, na mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa. Kwa miongo mingi tulishika kwamba kinachothaminiwa ni jasho lililowekwa juu ya ardhi, si ardhi tupu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilikubali kwamba hata haki ya kutumia ardhi ina thamani, lakini kodi ya majengo ilibaki kuwa kodi ya jengo. Wananchi waelezwe hivyo, kwa lugha iliyo wazi. Mthamini anayeingia bomani hakuja kukipima kihamba ili kiuzwe, wala hahesabu migomba. Amekuja kutazama nyumba. Uvumi kwamba ardhi ya mababu inaandikwa ili ichukuliwe unaweza kuivunja kazi nzima katika juma moja.

Ugumu wa tatu ni jina litakaloandikwa, na pengine ndio mzito kuliko yote. Stakabadhi ya kodi katika nchi hii haitunzwi kwa ajili ya kodi peke yake. Hutolewa barazani kama ushahidi wa umiliki. Mjane anaishi katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe. Mthamini anafika, mjane yuko shambani, na shemeji anayekaa boma la jirani anajitokeza na kutoa jina lake. Jina linaandikwa daftarini, shilingi chache zinalipwa, na baada ya miaka mitano shemeji anakuja barazani na stakabadhi tano mkononi. Hapo mthamini, bila kujua na bila kupokea rushwa yoyote, atakuwa amemnyang'anya mjane nyumba yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Haki hiyo isizikwe na uzembe wa dakika kumi. Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaongeza kwamba mali yenye daftari lililoandikwa vibaya hupotea pia, tena kwa muhuri.

Mtu wa kuyakabili yote haya ni mthamini, na hatuna budi kusema neno juu yake. Nchi yetu imewaandaa wataalamu hawa kwa fedha za wananchi, katika Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam na katika vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro. Sheria ya mwaka 2016 imeweka Mthamini Mkuu wa Serikali na Bodi ya Usajili wa Wathamini, ili kazi hii isifanywe na kila mwenye kamba. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini cheti hakimfundishi mtu kubisha hodi. Kijana anayefika kijijini kwa gari la halmashauri, asimpigie mwenyekiti wa kitongoji hodi, asimwamkie mzee aliyeketi mlangoni, akaanza kuzunguka nyumba kwa kamba yake kana kwamba imetelekezwa, kijana huyo amerudi kuwa mchili wa mangi bila kujua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wananchi. Neno hilo halikuwahusu mawaziri peke yao. Linamhusu kila aliye na kalamu ambayo mwananchi anaiogopa.

Wala tusijidanganye juu ya majaribu. Kalamu inayoweza kuipunguza nyumba ya milioni mia kuwa ya milioni ishirini ina wateja wengi. Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo Chama Cha Mapinduzi kilizirithi, ilikuwa kutotoa wala kupokea rushwa. Ahadi ni jambo jema, lakini halmashauri yenye busara haimwachi mtumishi wake peke yake na ahadi. Humjengea utaratibu unaomlinda yeye na wananchi pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kipimo kiwe kile kinachoonekana. Mwaka 2020 jiji la Freetown, nchini Sierra Leone, lilitumia picha za setilaiti kuzitambua nyumba, kisha likaipa kila nyumba pointi kwa sifa zinazoonekana kwa nje: ukubwa, kuta, paa, barabara inayoifikia, na mengine ya namna hiyo. Kipimo cha namna hii hakihitaji kungoja bei za soko lisilokuwapo. Tena mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukihakiki kwa penseli akiwa amesimama barabarani. Kipimo ambacho jirani anaweza kukihakiki ni vigumu kununuliwa.

Pili, daftari lisomwe hadharani. Kabla kadirio halijawa kodi, orodha ibandikwe katika ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, jina kwa jina. Kila nyumba isikike pamoja na jina la mwenyewe, na mjane, yatima na mtoto wa kike wapewe nafasi ya kusema kabla wino haujakauka. Mwenyeji aliye mbali apelekewe taarifa, kwa maana ndiye mara nyingi mwenye lango la chuma.

Tatu, anayethamini asiwe ndiye anayekusanya, wala anayesikiliza rufani asiwe mmoja wa hao wawili. Mbiru ilianguka kwa sababu kazi hizi tatu zilikuwa katika mkono mmoja. Baraza la rufani liwe karibu. Mzee wa Kirua au wa Mwika asilazimike kutumia nauli inayozidi kodi yenyewe ili kupinga kosa la hesabu.

Nne, msamaha utolewe kwa hali ya mtu, si kwa huruma ya ofisa. Sheria imekwisha kumpa msamaha mzee asiye na kipato anayeishi katika nyumba yake. Tatizo ni kwamba wazee wengi hawajui, na wanaojua hawana wa kuwajazia fomu. Mtendaji wa kijiji na walimu waifanye kazi hiyo wawe sehemu ya uthamini wenyewe. Lakini mama anayeishi katika jumba alilojengewa na mwanawe aliyeko mjini ni habari nyingine: mama asisumbuliwe, ila mwana atafutwe alipo na aandikiwe yeye. Aliyeweza kujenga hatashindwa kulipa.

Tano, wananchi waambiwe fedha zimekwenda wapi. Kwa lugha ya kijiji, kodi ya majengo inapaswa kuonekana katika daraja, katika kalvati, katika mfereji wa maji na katika paa la darasa. Watu wa mlimani hawakuanza jana kuchangia mambo ya pamoja. Mifereji yao ya kale, mifongo, ilichimbwa na kutunzwa kwa zamu za watu wote, na aliyekosa zamu yake alijua adhabu yake. Hawakuhitaji kulazimishwa na mgeni, kwa sababu maji waliyaona yakipita.

Yako maneno ambayo yatasemwa dhidi ya mapendekezo haya. Watasema kwamba uthamini ni ghali, na kwamba kiwango kimoja kwa wote kinatosha. Tunajibu kwamba kiwango kimoja kinatosha pale ambapo watu wako sawa, na kwamba mtu akisimama katika njia yoyote ya kijiji cha Kilimanjaro atajionea mwenyewe kama wako sawa. Wengine watasema kwamba mwananchi hapendi kukadiriwa, na watatoa mfano wa Same. Tunajibu kwamba Wapare hawakuchukia haki. Walichukia haki iliyotangazwa na watu wasioulizwa. Tukiwapa wananchi nafasi ya kuuliza, hatuna sababu ya kuwaogopa.

Mwisho tunawageukia viongozi na watumishi wenzetu. Wengi wetu tunazo nyumba vijijini, na baadhi ya malango yale ya chuma ni yetu. Siku mthamini atakapoanza kazi, aanze kwetu. Mwenyekiti, diwani, mkuu wa idara, mkaguzi wa shule na mhariri wawe wa kwanza kufungua lango, kutaja jina lao kamili na kutia sahihi mbele ya majirani. Mwalimu atakayeonekana akipimiwa nyumba yake bila kunung'unika atakuwa amefundisha somo la uraia kuliko kitabu chochote.

Zamani mangi alisema nyumba ni ngapi, na watu wakalipa. Leo wananchi ndio wenye nyumba, ndio wenye halmashauri, na ndio wanaomlipa mthamini mshahara. Basi mthamini abishe hodi, apime kwa macho ya wote, aandike jina lililo la kweli, na akubali kuulizwa. Akifanya hivyo, kodi italipwa na barabara itajengwa. Asipofanya hivyo, asishangae siku moja akiwakuta wananchi wamekaa nje ya ofisi yake, kama walivyokaa Same, wakimngoja.